Nilivyowachunguza Wagombea Urais Nikasahau Simbo

Katika ukoo wetu hapa Ujiji, mtu akileta barua ya posa hajibiwi siku hiyohiyo. Anaambiwa, "Tupeni muda." Muda wenyewe si wa kufikiri, ni wa kuuliza. Anatumwa mtu mzima, mara nyingi shangazi wa binti, aende kwao mwanamume akaulize ni watu wa namna gani, wanakaaje na majirani, na huyo bwana akikasirika anafanya nini. Unauliza msikitini, unauliza dukani, unauliza kwa jirani ambaye mbuzi wake hula mboga zao. Ukirudi unasema, na neno lako linachukuliwa lilivyo, maana hakuna mwingine atakayekwenda tena.

Anayetumwa kwetu ni mimi. Nasema "anayetumwa" kwa adabu tu, ukweli ni kwamba kazi hii nilijipa mwenyewe. Binti wa kaka yangu aliwahi kuolewa, na safari ile hakutumwa mtu. Bwana harusi alikuwa na maneno matamu na shati lililopigwa pasi, kaka yangu akaona yatosha. Binti alipofika kwa mumewe alimkuta mwanamke mwingine jikoni anachambua mchele, na mwanamke yule akamuuliza, "Wewe ni nani?" Baada ya miezi minne alirudi Ujiji na cherehani yake na godoro. Na mimi, badala ya kumpa pole, nilizunguka mtaa mzima nikisema, "Wangenituma mimi! Wangenituma mimi haya yasingetokea!" Nilisema hivyo mpaka kwenye msiba wa watu, marehemu hajazikwa.

Basi ilipokuja posa ya pili nilitwikwa mzigo wangu. Mposaji alikuwa fundi wa injini za boti, anashinda ufukweni na mikono myeusi kwa grisi, kwao Simbo. Hakuficha kwamba aliwahi kuoa. Alisema wameachana, na mtoto wao mmoja analelewa na bibi yake hukohuko Simbo.

Binti alinifuata sokoni, mezani kwangu ninapouza mawese. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, hakunitazama.

"Shangazi, sitaki uniambie kama ni mzuri. Uzuri wake nimeuona. Nataka uniulizie jambo moja tu. Yule mke wameachana kweli, au bado yupo? Mimi nikikuta tena mwanamke jikoni, shangazi, sijui nitajiweka wapi."

Nilimshika mkono. Nikamwambia, "Ijumaa hii mimi niko Simbo. Lala usingizi."

Wallahi nilikusudia kwenda. Simbo yenyewe si mbali, ukitoka asubuhi adhuhuri umerudi. Lakini mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi, na wenzangu wa sokoni walikuwa wamenitia kilemba cha ukoka. Walisema, "Wewe si ndiye mpelelezi wetu? Ukoo mzima hauozi bila wewe. Haya, tuchunguzie na hawa wanaotaka urais, maana nao wanaposa." Nilicheka, nikasema acheni utani. Nyumbani nikajitazama kwenye kioo nikaona kweli, nafanana na mtu wa kuchunguza marais.

Wagombea walikuwa wengi, lakini waliotushughulisha ni wawili. Mmoja tulimwita Mzee wa Leso, kwa sababu alikuwa akijifuta uso hata penye upepo. Mwingine tulimwita Mzee wa Miwani. Na Mzee wa Leso, kwa bahati yake na balaa langu, alikuja Kigoma Ijumaa ileile.

Nikajiambia Simbo haina miguu, itanisubiri. Nikavaa khanga mpya, nikaenda mkutanoni mapema nikapata mahali mbele. Wenzangu waliangalia ngoma na kofia za bure. Mimi nilikuwa kazini. Nilitazama anavyopokea chupa ya maji, kama anamshukuru aliyempa au anainyakua tu. Nilitazama kama amewaamkia wazee wa mstari wa mbele kabla ya kuanza kupiga kelele. Aliwaamkia. Alitabasamu vizuri pia, meno yote. Nilishaanza kumpa alama zake.

Halafu akaanza kutueleza anavyolipenda ziwa letu. Akasema zamani, kabla hajawa mtu mkubwa, alikuja huku akaingia ziwani na wavuvi. "Mbalamwezi ilikuwa inawaka kama mchana," akasema, "nasi tukavua dagaa mpaka alfajiri, mitumbwi ikajaa!"

Ala! Pale kwetu hata mtoto anayenyonya anajua. Dagaa huitwa kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu, dagaa hawaji, na wavuvi huvuta mitumbwi pwani wakashona nyavu na kugombana na wake zao mpaka giza lirudi. Huyu bwana alikuwa amevua dagaa katika siku ambazo ziwa zima limelala.

"Mwongo!" nilisema. Nilidhani nimesema moyoni. Mlinzi mmoja aligeuka akanitazama, nikajifanya namtafuta mtu nyuma.

Kesho yake sokoni sikuuza hata lita mbili kwa kuongea. Nilimsimulia kila aliyepita. "Njia ya mwongo ni fupi," nilisema. "Kama ametudanganya kuhusu dagaa tunaokula kila siku, kuhusu yale ya Ikulu tusiyoyaona atatwambia nini? Na kwa nini adanganye? Angesema tu kwamba analipenda ziwa, nani angemkataza? Mtu anayeongeza chumvi pasipo ulazima, msimwamini na sufuria." Wanawake wakapiga makofi. Mmoja akasema nigombee mimi. Sikumkatalia haraka.

Ijumaa ya pili akaja Mzee wa Miwani. Unadhani nilikwenda Simbo? Ningechunguzaje mmoja nikamwacha mwenzake, hiyo si haki. Nikaenda mkutanoni tena, khanga ileile ili wale walionipongeza wanitambue.

Huyu hakuwa na ngoma nyingi. Mama mmoja akanyanyuka, akamuuliza atawafanyia nini watu wa ziwani. Yule mzee akavua miwani, akaipangusa, akasema kwa sauti ya chini kiasi kwamba tulinyamaza ili tumsikie. "Kusema kweli, mama, huku ni mara yangu ya kwanza kufika. Ziwa hili nimeliona leo asubuhi. Sijui vya kutosha kukujibu. Nikiwaahidi kitu sasa hivi nitakuwa nabahatisha. Kwanza niulize wenyewe."

Watu waliguna, kisha wakazomea. Na mimi, mpelelezi mkuu, nilizomea kuliko wote. Nikasema kwa sauti ili safu nzima inisikie, "Mtu anakuja kuposa, hajui hata nyumba ilipo!" Loo, walicheka mpaka machozi! Neno lile lilifika Mwandiga kabla yangu, nikalisikia kwa mtu mwingine akidai ni la kwake, nikachukia.

Hivyo ndivyo nilivyowapima: mmoja mwongo, mwingine mjinga. Nilikuwa nimeshiba sifa. Ijumaa ya tatu goti liliniuma, ingawa kwenye mikutano halikuwahi kuniuma.

Jumamosi kaka yangu akanipigia simu. Watu wa Simbo wameulizia jibu, wazee wanakutana kesho baada ya alasiri, nije na habari zangu. "Si ulishakwenda?" akauliza. Nikasema, "Aa, kaka nawe! Habari ninazo."

Sikuwa na habari hata ya kufungia maandazi. Nikatafuta akili ya haraka. Kuna mama mmoja ananiletea mawese kutoka Simbo, tumefanya kazi miaka, mtu wa swala tano. Alipotua ndoo asubuhi ile nilimkaribisha chai, nikamuuliza habari za yule fundi. Akasema, "Huyo? Kijana mtulivu. Kwao watu wazuri. Mke waliachana, zamani." Alisema bila kufikiri, akaendelea kunywa chai. Nikajiambia, mawese yametoka Simbo na maneno yametoka Simbo, tofauti iko wapi?

Kikao kilikuwa nyumbani kwa kaka. Walikuwepo yeye, wazee wawili wa ukoo, na mama mdogo wa binti, mdogo wake marehemu mama yake, mwanamke asiye na maneno ambaye siku zote nilimwona mzito. Binti mwenyewe alikaa karibu na mlango, kichwa chini.

Ningeweza kusema, "Sikufika, lakini nimeuliza mtu." Ni maneno machache. Nilifungua kinywa yakatoka mengine. "Nilifika," nikasema. Na uongo ukishatoka mmoja unaomba wenzake. Nikaieleza nyumba, uwanja ulivyofagiliwa, ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka niliokaribishwa. "Na yule mama yake," nikasema, "mtu na heshima zake! Alinisindikiza mpaka barabarani, hataki kuniacha, stori tu. Kuhusu mke, ondoeni wasiwasi. Waliachana, kila mtu anajua."

Wazee wakasema mashaallah. Kaka akasema, "Huyu ndiye dada." Nikashusha macho kwa unyenyekevu niliokuwa nimeufanyia mazoezi.

Kesho yake binti alikuja kwangu tutwange sombe, yaani kisamvu. Mimi nilishika mchi, yeye anachuma majani kwenye vikonyo. Nikamwona yuko kimya, nikadhani ni furaha.

"Shangazi," akasema, "mama yake alikusindikiza kwa miguu?"

"Kwa miguu, mwanangu! Tena mbio, mimi na goti langu nikawa namkimbilia."

"Amepooza, shangazi. Mwanawe aliniambia, huu mwaka wa tatu hajavuka mlango bila kubebwa."

Mchi ulibaki juu. Ningenyamaza hapohapo ningebaki na heshima kidogo. Lakini mimi? Nikasema, "Basi atakuwa alikuwa dada yake, wamefanana mno." Binti akachuma jani jingine. Nikaongeza, "Au jirani." Mtume! Nilikuwa nachimba shimo huku nimesimama ndani yake.

Akaweka majani chini. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Sikukuomba unisifie mtu, shangazi. Nilikuomba uniulizie jambo moja. Watu wa kunidanganya ninao wengi tu, sikuhitaji kumtuma mwingine."

"Nilimuuliza mtu wa Simbo," nikasema. "Anayeniletea mawese."

"Wewe ulifika?"

"Sikufika."

"Baba sitamwambia. Ukitaka utamwambia mwenyewe." Akaondoka, sombe nikaitwanga peke yangu, nikaitwanga mno mpaka ikawa uji.

Nilikwenda kumwambia kaka, naapa. Nilimkuta anasikiliza redio, anawajadili wagombea na jirani yake. Aliponiona akasema, "Dada, njoo umweleze huyu habari ya dagaa wa mbalamwezi. Mtu mwongo hafai kupewa hata ufunguo wa banda!" Nikaieleza. Nilikuwa nimekuja kuungama, nikasimulia uongo wa mwenzangu mpaka mwisho, na wakacheka. Nyani haoni kundule, ila mimi langu nililiona vizuri sana na bado nikaendelea kucheka. Kaka mpaka leo hajui. Ukisoma hapa, kaka, shikamoo, na unisamehe.

Siku iliyofuata nilikwenda Simbo. Si Ijumaa, na khanga ya zamani. Goti liliuma kweli safari hii.

Nyumba niliipata kwa kuuliza. Nikapiga hodi, na aliyetoka kunikaribisha na bakuli la maji alikuwa nani? Yule mama wa mawese. Alifurahi kupita kiasi. "Karibu, karibu! Dada, ndiye huyu niliyekwambia!" Mama wa fundi alikuwa dada yake wa tumbo moja. Kumbe nilimwita mama mdogo wa bwana harusi, nikampa chai, nikamwomba atoe ushahidi juu ya mwanawe!

"Mbona hukuniambia?" nilimnong'oneza.

"Hukuniuliza," akasema, akanisogezea bakuli.

Mama wa fundi alikuwa kwenye mkeka, mkono mmoja hauinuki. Mdomo ulikuwa mzima kabisa. "Tumekungoja Ijumaa tatu," akaniambia. "Mwanangu alisema atakuja mtu kuuliza. Kila Ijumaa tunafagia, tunapika, tunakaa. Nikasema labda hawa watu hawamtaki mwanangu, wanaona haya kusema." Aibu iliyonipata sina pa kuiweka. Kisha akacheka upande mmoja wa uso. "Sisi nasi tulituma mtu Ujiji. Alituambia binti hana neno. Ila ana shangazi, tukae tukijua, anashinda sokoni anachagua rais."

Siku ile niliuliza kama mtu aliyechelewa mtihani. Niliuliza nyumba tatu, nikauliza kwa imamu, nikauliza kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwisho nikaomba nioneshwe alipo yule mke wa zamani, nikaenda hadi kwake. Alikuwa ameolewa tena, ana mtoto mgongoni, anaanua muhogo. Niliposema nilichokujia alinipa kigoda. "Waambieni tuliachana," akasema. "Talaka ninayo ndani. Hakunipiga wala hakunitukana. Tulishindwana tu. Alisema mwanawe hatamtupa na hajamtupa." Akaingia ndani akanitolea karatasi, bila kuombwa, akanishikisha nisome mwenyewe.

Nilirudi Ujiji na vumbi mpaka kwenye kope, nikapitiliza moja kwa moja hadi kwa binti. Alikuwa kwenye cherehani. Nilimsimulia yote, pamoja na bakuli la maji na Ijumaa tatu, na lile la shangazi anayechagua rais, nikidhani atacheka. Nilimweleza karatasi ilivyokunjwa. Aliacha kushona, akanisikiliza mpaka mwisho. "Asante, shangazi. Pole na safari." Kisha akaendelea kushona, na mimi nikasubiri neno jingine mpaka nikaona nimekuwa mzigo.

Siku zilizobaki kabla ya kura nilianza kumtetea Mzee wa Leso. Wenzangu walishangaa. Nilisema, "Jamani, pengine alikuwa na haraka. Pengine kuna mtu alimsimulia, akaona si vibaya kusema alikuwepo. Kwani dagaa wameumia?" Wakanitazama kama nimelishwa kitu. Nikageukia kwa Mzee wa Miwani, nikaona yule niliyemzomea ndiye peke yake kati yetu watatu aliyesimama mbele ya watu akasema hajafika. Hilo sikulisema sokoni. Ningeanza kulisema ningeulizwa nimelijulia wapi.

Siku ya kupiga kura tulipanga mstari shuleni, Rusimbi, mimi mbele na binti nyuma yangu. Jua lilikuwa limeshapanda. Muuza nyanya mmoja akaniuliza kutoka mstari wa pili, "Mpelelezi, tumpe nani?" Nikamjibu aulize kwingine. Alidhani naringa.

Tulikuwa tumebakiza watu kama sita tuufikie mlango ndipo binti aliponigusa bega.

"Nimekubali, shangazi. Wataambiwa wiki ijayo."

Nilitaka kupiga kigelegele hapohapo, nikakumbuka kuna askari. "Alhamdulillah! Nimefurahi, mwanangu. Nimefurahi mno."

"Mama mdogo alikwenda Simbo juzi," akasema. "Nilimwomba."

Yule mzito, asiye na maneno. "Akasema nini?"

"Vilevile ulivyosema wewe. Mpaka ile karatasi."

"Sasa si nilikuambia?" Lilinitoka kabla sijalizuia, na kwa uchungu, maana kweli nilikuwa nimechoka, nimetembea, nimeuliza, na safari hii sikuongeza hata punje.

"Uliniambia, shangazi." Hakuwa na hasira. Alikuwa ananitazama usoni kama anatafuta kitu alichokidondosha. "Uliniambia mara mbili. Na mara zote mbili ulikuwa na uso huohuo."

Nikaitwa. Nikatoa kadi yangu, nikapewa karatasi, nikaingia kwenye kituturi. Wagombea wote wamo na picha zao, Mzee wa Leso anatabasamu, Mzee wa Miwani hatabasamu. Niliwatazama muda mrefu. Msimamizi akaniuliza, "Mama, kuna tatizo?" Nikasema hapana. Nikazifunika zile picha kwa kiganja, yakabaki majina, nikatia alama yangu.